Mbwa Waliovaa Kibati

Maiti ilikuwa imejipinda. Kisogo na visigino ndivyo vilivyogusa godoro. Mgongo ulikuwa juu, umekakamaa, kana kwamba mtu huyo alikuwa bado anajaribu kuinuka. Meno yalikuwa yameumana. Macho yalikuwa wazi.

Inspekta Muthama hakumgusa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakiangalia chumba kwanza. Alikuwa ametoka Kitui mara tu alipopata habari kwa redio, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye kope zake.

"Ni nani?"

"Evanson Gachanja, afande," alijibu Konstebo Kisilu wa kituo kidogo cha Ikutha. "Msaidizi wa mifugo. Yeye ndiye huchanja mbwa hapa sokoni, na ndiye huweka zile nyama za sumu. Watu wanamwita daktari wa mbwa. Kwao ni Nyeri. Amekaa hapa miaka miwili, peke yake."

"Nani alimkuta?"

"Mimi, leo saa moja asubuhi. Nilijua ana malaria, nikaja kumjulia hali."

Kisilu akaitazama tena maiti.

"Afande, nisamehe kusema hivi. Nimeona mbwa wengi wakifa mwaka huu. Huyu mtu amekufa kama wao."

Muthama aliyajua mambo ya mbwa wa Ikutha. Tangu Juni mwaka ule wa 1985, tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu: eneo lote lina hatari ya kichaa cha mbwa. Kila mbwa achanjwe, avae kibati chenye namba shingoni, afungwe nyumbani ifikapo saa kumi na mbili jioni. Mbwa atakayekutwa akizurura baada ya hapo, akiwa na kibati au hana, atakula nyama yenye sumu ya striknini na hatafika mbali.

Aliingia. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, meza, sanduku la bati lenye kufuli, na friji nyeupe ya mafuta ya taa pembeni. Ufunguo wa sanduku ulikuwa umefungwa kwa kamba shingoni mwa marehemu. Muthama aliukata, akafungua. Chupa ya sumu ilikuwamo, pamoja na daftari lake. Alipima kwa macho, akasoma daftari, akapima tena.

"Hapa hakuna kilichopungua," alisema. "Sumu iliyomuua haikutoka kwenye sanduku hili."

Alifungua friji. Joto lilimpiga usoni pamoja na harufu ya ukungu. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimepangwa safu kwa safu. Aligusa kimoja. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka kuatamiwa.

Juu ya meza palikuwa na chupa ya chai ya rangi ya buluu na kikombe cha bati. Ndani ya kikombe kulikuwa na mashapo ya kijani. Kisilu alinusa kwa mbali.

"Muarobaini, afande. Dawa ya malaria."

"Chungu kabisa," alisema Muthama. "Na striknini ni chungu. Aliyekunywa hangejua chungu ipi ni ipi."

Alivaa glavu, akaweka kikombe na chupa ndani ya mfuko wa vielelezo. Vingekwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Nairobi, na majibu yangerudi baada ya wiki tatu kama bahati ingekuwapo. Maiti ingekwenda Kitui kufanyiwa uchunguzi. Yeye asingeweza kungoja wiki tatu.

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

Kisilu hakufikiri hata kidogo. "Kiilu. Mwenye bucha."

*

Kiilu alikuwa mtu mnene mwenye aproni yenye damu. Alikalishwa kwenye kiti cha mbao kituoni, akakaa ukingoni kama mtu anayetaka kuondoka upesi.

"Ulimwambia Gachanja nini mbele ya watu, wiki mbili zilizopita?"

"Nilikuwa na hasira, afande."

"Sijauliza hasira. Nimeuliza maneno."

"Nilimwambia hiyo nyama yake ya sumu atakula yeye mwenyewe siku moja." Kiilu alitazama mikono yake. "Alikuwa ameua mbwa yangu. Mbwa yangu ilikuwa na kibati! Ilikata kamba tu, ikatoka saa moja usiku, asubuhi nikaikuta nyuma ya soko, miguu imenyooka hivi."

"Na nyama ya kutega alipata wapi?"

"Kwangu," alisema Kiilu, polepole. "Maini. Lakini mimi nampa nyama safi. Sumu anaweka mwenyewe."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa mnada wa mbuzi Mutomo. Nimerudi leo asubuhi. Waulize wachuuzi wote."

Muthama aliandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Kila asubuhi alikuwa anaokota vipande ambavyo mbwa hawakula?"

"Lazima. Alikuwa anahesabu, anaogopa watoto. Ile wiki ya mwisho wa Agosti vipande vitatu vilikosekana. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza. Alitetemeka, afande. Hata mimi niliyemchukia nilimhurumia."

"Vilikosekana sehemu gani?"

"Nyuma ya kanisa."

Wachuuzi wa Mutomo walithibitisha kwa redio kabla ya saa tisa: Kiilu alikuwa mnadani tangu jana mchana, akalala huko. Muthama alimwachilia.

*

Alibaki na chupa ya chai. Aliitoa kwenye mfuko, akaigeuza kwa uangalifu. Mpini wake ulikuwa umevunjika zamani, na mtu alikuwa ameuzungushia uzi wa katani uliosokotwa vizuri, mweusi na kahawia, ule unaosukiwa vyondo, vikapu vya Kikamba.

"Nani anasuka hapa?"

"Wamama wote, afande."

"Basi nipeleke kwa anayesuka kuliko wote."

Huyo alikuwa Nthenya, mjane wa miaka hamsini hivi, aliyekaa kivulini mbele ya duka lililofungwa, kyondo kisichokwisha kikiwa mapajani. Kisilu alimwamkua kwa Kikamba, akamwita mwaitu, yaani mama, kisha akamwonyesha chupa bila kumweleza ilikotoka.

Nthenya hakuigusa. Aliinama tu, akautazama uzi.

"Huu ni mkono wa Kalondu," alisema. "Mama Mutindi. Yeye husokota kushoto. Hakuna mwingine hapa anayesokota kushoto. Tunakaa ua mmoja, najua."

"Kalondu ni nani?"

"Ndiye anafagia kanisa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mutindi, miaka tisa. Alizikwa mwezi uliopita." Nthenya alitikisa kichwa. "Dispensari walisema malaria ya kichwa."

"Wewe uliona ni malaria?"

Nthenya alizungusha uzi kidoleni.

"Mimi si daktari. Lakini yule mtoto alipoletewa maji, alipiga kelele. Alikuwa na kiu na anapiga kelele. Malaria sijui kama inafanya hivyo."

Muthama aliacha kuandika.

"Aliumwa na mbwa?"

"Aliumwa mkononi mwezi wa saba. Na mbwa wao wenyewe. Siku hiyo hiyo akaniuma na mimi nikijaribu kumtoa." Alivuta sketi kidogo, akaonyesha makovu manne kwenye shavu la mguu, yamekauka, ya waridi. "Tulienda kwa daktari wa mbwa sisi wote. Akatazama kibati. Akasema mbwa amechanjwa, hakuna haja ya sindano, tuende nyumbani. Sindano zenyewe ni kumi na nne, za tumbo, na ni Kitui. Tukafurahi."

"Na mbwa?"

"Alikufa baada ya siku tatu. Alikuwa anatoa mate."

Muthama alitazama yale makovu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akakumbuka vile vichupa vyenye joto, akasimama ghafla.

"Mama, tafadhali usiende mahali. Kaa hapa hapa."

*

Alirudi chumbani kwa marehemu karibu akikimbia. Chini ya godoro, ambalo sasa lilikuwa tupu, alikuta faili la kahawia. Lilikuwa na nakala za barua, zilizoandikwa kwa mkono mdogo na safi. Kisilu alisimama nyuma yake akisoma juu ya bega.

Tarehe tatu Juni: *Friji imezima kwa siku nne. Mafuta ya taa hayapatikani madukani. Chanjo imeharibika kwa joto. Naomba kampeni isimame hadi nipate chanjo nyingine.*

Jibu, mstari mmoja: *Tarehe za kampeni zimetangazwa na hazibadilishwi. Endelea.*

Tarehe ishirini na moja Juni: *Nimechanja mbwa mia moja na kumi na wawili kama nilivyoagizwa. Nasisitiza kwamba chanjo hii haina nguvu. Watu wanaamini vibati.*

Barua hiyo haikujibiwa.

Tarehe tisa Julai: *Mbwa mwenye kibati namba 47 amemuuma mtoto na mama mmoja, na ana dalili zote za kichaa. Naomba sindano za watu wawili, upesi sana.*

Jibu: *Mbwa aliyechanjwa hapati kichaa. Usitie wananchi hofu.*

Chini ya majibu palikuwa na mkwaruzo wa saini, na maneno "kwa niaba ya", na baada ya hapo hapakuwa na jina. Mhuri ulikuwa umefifia hata ofisi yenyewe haikusomeka.

Barua ya mwisho ilikuwa ya Agosti, haikumalizika: *Mtoto amekufa. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake asiwe na wasiwasi. Nikikutana naye sokoni napita njia nyingine. Naomba kuhamishwa, au*

Iliishia hapo.

"Mbwa mia moja na kumi na wawili," alisema Kisilu nyuma yake. "Afande, na wangu yumo. Namba themanini. Watoto wanalala naye."

Muthama alizipanga barua upya. Alifunga faili.

*

Kalondu alikuwa amekaa kwenye benchi la kanisa, ufagio umeegemezwa ukutani. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alipowaona polisi hakusimama wala hakushtuka. Alisogea, kana kwamba anawapa nafasi ya kukaa.

Muthama alikaa. Alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno, kwamba halazimiki kusema chochote na kwamba atakalolisema laweza kutumiwa mahakamani. Kisilu alilirudia kwa Kikamba.

"Nimesikia," alisema Kalondu.

"Chupa hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimpelekea Gachanja muarobaini jana?"

"Ndio."

"Uliweka nini ndani?"

Alitazama sakafu aliyokuwa ameifagia.

"Ile dawa nyeupe ya ndani ya maini. Nilikuta vipande vitatu hapa nyuma, asubuhi moja, nikija kufagia. Nikavifunga kwa karatasi. Sikujua nitavifanyia nini. Nilijua tu sitavirudisha. Alipokuja kuuliza nilimwambia sijaviona."

"Kwa nini ulimuua?"

"Wewe una mtoto, afande?"

"Ninao."

"Wangu alikufa siku nne. Siku nne nzima. Kila nikipita mlangoni na upepo ukiingia, analia. Nikimletea maji, koo inafunga, anajirarua. Alikuwa ananijua, afande. Hilo ndilo lilikuwa baya. Mpaka mwisho alikuwa ananijua, na ananiambia, mama, nipe maji, mama, toa maji. Nitoe au nimpe? Nilishika kikombe tu. Sikujua nifanye nini."

Konstebo Kisilu aligeuka, akatazama dirisha.

"Mbwa alikuwa na kibati," aliendelea Kalondu. "Nilimpeleka mwenyewe kwa kamba, nikasimama kwa mstari kutoka asubuhi. Na bado akawa kichaa. Kwa hiyo nikasema, huyu mtu hakumchanja. Alituvalisha mbwa vibati, akaenda kulala. Jana nikasikia ni mgonjwa, hana wa kumpikia. Nikachemsha muarobaini. Lakini nilimuuliza kwanza, afande. Nilisimama mlangoni na chupa, nikamuuliza: daktari, ulichanja mbwa wangu kweli?"

"Akasema nini?"

"Akasema, nilimchanja, mama. Halafu akageuza uso, akaangalia ukuta. Nikajua ni uongo. Nikammiminia. Akaniambia, Mungu akubariki, mama Mutindi. Nikatoka."

Nje mbuzi walikuwa wakipitishwa kwenda kisimani, na mchungaji alikuwa akipiga mluzi.

Muthama alikuwa na maungamo. Alikuwa na chupa, uzi, sumu na sababu. Kesi ilikuwa imekwisha, na sheria haikumtaka afanye jambo jingine. Lakini faili lile la kahawia lilikuwa mapajani mwake, na hakuweza kusimama.

Alilifungua. Akamsomea barua zote, za kwenda na za kurudi, taratibu, akingoja kila moja itafsiriwe. Alipofika ile ya tarehe tisa Julai, Kalondu aliinua mkono.

"Soma hiyo tena."

Akaisoma tena.

"Sindano za watu wawili," alisema Kalondu. "Alituombea."

"Aliwaombea."

"Na alinichanjia mbwa kweli."

"Alimchanja. Kwa dawa iliyokufa."

Kalondu alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Alipoviondoa, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mbona hakuniambia? Angeniambia tu. Mama, dawa imeharibika, chukua mtoto, kimbia. Ningembeba mgongoni mpaka Kitui, kwa miguu. Ningefika." Alimshika Muthama mkono wa shati bila kujua. "Ningefika, afande. Kwa nini hakuniambia?"

"Aliambiwa asiwatie watu hofu."

"Na nani?"

Muthama alitazama ule mkwaruzo wa saini.

"Sijui," alisema. "Hawakuandika jina."

Alimfunga pingu kwa mbele, kwa ulegevu. Kalondu alitembea hatua tatu, kisha akasimama katikati ya kanisa.

"Nthenya," alisema. "Naye aliumwa."

*

Nthenya alikuwa pale pale alipoachwa. Kalondu ndiye aliyemweleza, kwa Kikamba, haraka haraka, pingu mikononi, na hakumficha kitu. Alimwambia mtoto alikufa kwa ugonjwa gani. Alimwambia chanjo ilikuwa imeoza. Alimwambia asingoje kesho, asingoje hata kufunga mlango.

Nthenya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungusha uzi kwenye kyondo, akakiweka kando, akapanda Land Rover.

Walikwenda hivyo hadi Kitui, muuaji nyuma kando ya Kisilu, Nthenya mbele, faili kati ya kiti na mlango. Mara mbili Kalondu, ambaye mtoto wake alianza kwa kuwashwa mkono, aliuliza kutoka nyuma, "Unasikia nini kwa mguu?" Mara mbili Nthenya akajibu, "Hakuna kitu." Mara ya tatu aliulizwa hakujibu upesi, akasema, "Unawasha kidogo. Lakini labda ni kukaa."

Hospitalini muuguzi wa zamu alitazama makovu, akatazama tarehe, akaenda kwenye kabati, akarudi mikono mitupu.

"Chanjo ya watu iliisha wiki iliyopita. Tumeagiza. Labda Nairobi."

"Labda?"

"Inspekta, mimi nakupa nilicho nacho. Hiyo labda ndiyo niliyo nayo."

Nthenya alilala nyumbani kwa Muthama usiku huo. Mke wake alipika, wakala karibu bila kuongea. Asubuhi Muthama alimpandisha basi la Nairobi na barua yenye mhuri wa polisi, ikiomba apewe sindano bila kuchelewa, kwa sababu miezi miwili ilikuwa imepita tangu aumwe.

Siku hiyo hiyo aliandika taarifa ya kurasa sita, akaambatanisha nakala za barua za Gachanja, akaomba mtu aliyeweka ile saini atafutwe. Ilipokewa. Alipewa namba ya jalada. Kalondu alifunguliwa shtaka la mauaji, na alipoulizwa na hakimu kama ameelewa, alisema ameelewa.

Kutoka Ikutha, Kisilu alipiga redio. Amri ilikuwa imekuja: mbwa wote waliosalia kati ya wale mia moja na kumi na wawili wapigwe risasi.

"Nimeanza na namba themanini, afande," alisema. "Nilitaka watoto wasione, lakini waliona."

"Waliwahi kung'atwa? Hata wakicheza?"

"Wanasema hapana." Redio ilikwaruza. "Lakini wao ni watoto."

Siku ya tatu Muthama alipata laini ya Nairobi baada ya kungoja tangu asubuhi. Muuguzi wa huko alikuwa na sauti ya kuchoka. Alilitafuta jina la Nthenya kwenye orodha ya waliodungwa, akasema halipo. Muthama akamwomba atazame tena. Akasema ametazama mara mbili. Labda ameandikwa kwa jina la marehemu mumewe. Labda ametumwa hospitali nyingine. Labda hakufika. Kisha laini ikakatika, na opereta akasema hawezi kuirudisha hadi kesho.

Muthama alishuka ngazi kwenda mahabusu. Kalondu alikuwa amesimama kwenye vyuma tayari, kama alivyosimama kila siku.

"Amepata?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Askari wa zamu, aliyekuwa akisikiliza, alimkonyeza kwamba aseme ndiyo.

Muthama alimweleza kama ilivyokuwa: kwamba jina halikuonekana, kwamba hajui Nthenya yuko wapi, kwamba simu imekatika, na kwamba hata kama amepata sindano leo, hakuna anayeweza kuapa kwamba hazijachelewa.

Kalondu alisikiliza, vidole vyake vimeshika chuma.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Akarudi ndani, akaketi sakafuni, akaanza kungoja kesho.